Chuma hakikuja na treni

Mjomba wangu huvua samaki Kiambere. Ndiyo, Kitui kuna wavuvi. Najua mtu wa Nairobi akisikia Kitui anawaza ukame, asali na magunia ya msaada, lakini Kiambere ni bwawa kubwa la umeme kwenye Mto Tana, lilimalizika 1988, ng'ambo moja ni Mbeere na ng'ambo nyingine ni kwetu. Mjomba ana boti ya mbao na injini moja ya kufunga nyuma, Evinrude ya miaka ya sitini, rangi imefifia mpaka huwezi kusema ilikuwa gani, kubwa kiumri kuliko mama yangu mzazi. Inakunywa petroli kama haina mwenyewe. Lakini inawaka.

Mwaka jana boti ikagonga kisiki. Watu husahau kwamba chini ya bwawa kuna miti iliyozamishwa maji yalipojaa, na mingine bado imesimama hukohuko ikingoja boti yako. Injini haikuumia. Kilichovunjika ni lile bano, mkono wa alminiamu unaoshika ubao wa nyuma wa boti na kubeba uzito wote wa injini. Ulikatika vipande viwili, safi kama biskuti. Bila bano, injini nzima ni chuma cha kukalia.

Kwa sababu mimi ndiye mtoto wa mjini, nilipewa hivyo vipande kwa mfuko niende navyo duka moja la spea Nairobi. Jamaa wa kaunta akacheka. Akasema hizo injini zenyewe zilisimamishwa, na hapo alikuwa sahihi: kampuni ya Kanada iliyokuwa ikimiliki jina la Evinrude ilitangaza 2020 kwamba haitengenezi tena. Nunua mpya, akasema. Mpya ni bei ya ng'ombe kadhaa. Nikamwambia basi tutatafuta fundi huko nyumbani Kitui, na hapo ndipo akatoa ile sentensi iliyonifanya niandike hii kitu yote: "Nyinyi Wakamba achaneni na mambo ya chuma. Chongeni twiga."

Wasee, nilicheka pia. Ni joki, na twiga zetu ni kali. Lakini kwenye matatu nikirudi nikaanza kuwaza huyu jamaa ametoa wapi hiyo picha, na nikagundua ametoa mahali palepale nilipotoa mimi: darasani. Kitabu kilikuwa kinasema hivi, kwa ufupi. Zamani watu wa bara walikuwa na mifugo na ngoma. Halafu Waingereza wakajenga reli kutoka Mombasa. Halafu kukawa na chuma, mashine, mafundi na maendeleo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhandisi wa mitambo, na hata huko, kwa muda niliokaa, historia ya chuma ilianza Uingereza na ikaishia Uingereza.

Sasa fanyeni jaribio moja, halitawagharimu kitu. Toa sumaku kwenye spika iliyokufa. Ifunge na karatasi ya nailoni. Nenda mto wowote wa msimu Kitui au Makueni wakati umekauka, uiburute kwenye mchanga. Mimi nilifanya hivyo Kalundu, karibu na mji wa Kitui, mbele ya watoto waliodhani nimechanganyikiwa. Ilirudi na ndevu nyeusi. Hizo ndevu ni magnetaiti, madini ya chuma. Mvua inaosha mawe ya vilimani, mchanga mwepesi unachukuliwa mbele, ule mzito mweusi unabaki umelala kwenye mikunjo ya mto kama michirizi ya wino. Wahunzi wa Ukambani hawakuchimba mashimo. Walikusanya huo mchanga, wakauosha, na wakapata madini ambayo mto ulikuwa umeshawachambulia.

Kitu kingine walichohitaji ni makaa. Sasa kumbuka 2018, Kaunti ya Kitui, gavana akiwa Charity Ngilu, ilipopiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Makueni walikuwa wametunga sheria yao ya mchanga 2015. Sababu zilikuwa mito kukauka na miti kuisha, na mimi naunga mkono kabisa. Lakini tazama hiyo orodha tena. Mchanga na makaa. Vitu viwili ambavyo malori yalikuwa yanabeba usiku kwenda kujenga maghorofa na kuchoma nyama Nairobi ndivyo vilevile viwili ambavyo, ukijua la kufanya navyo, vinakupa chuma.

Na la kufanya navyo si rahisi, kwa hivyo nikae hapa kidogo. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuri dogo la udongo, lenye makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, halifiki huko, na wala halikuhitaji kufika. Mchanga mweusi ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Makaa yakiwaka kwa hewa kidogo yanatoa gesi inayoinyang'anya hiyo oksijeni polepole, chuma kikiwa bado kigumu. Kwenye nyuzi kama 1,200 uchafu ndio unayeyuka na kutiririka. Kiswahili kinauita mavi ya chuma, na hilo si tusi, ni jina lake. Kinachobaki ndani ni donge, kama sifongo, limejaa matundu na taka. Hapo ndipo mhunzi anaanza kazi: analipasha moto, analipiga juu ya fuawe, analikunja, anapasha tena, mpaka taka zitoke na chuma kishikane. Ukikosea hewa unapoteza siku nzima na gunia la makaa. Hakuna kipimajoto. Kipimo ni rangi ya moto, sauti ya mivukuto, na mtu aliyesimama kando ya baba yake tangu utotoni.

Ufundi huu haukuwa wa Ukambani peke yake, na sitaki mtu aniambie najisifia kabila. Chuma kilifuliwa pwani ya Kenya tangu karne za kwanza baada ya Kristo. Mwanaakiolojia wetu Chapurukha Kusimba ametumia miaka mingi kuchunguza uhunzi wa miji ya Waswahili na wa nchi ya Tsavo, ambayo kutoka Mtito Andei ni hapo tu. Wakikuyu walikuwa na wahunzi wao, wakitumia mchanga mweusi vilevile. Lakini kuna kitu Wakamba walikuwa wakali nacho kuliko wengi: minyororo. Si ya kufungia ng'ombe. Minyororo ya mapambo, pete moja ndogo ndani ya nyingine, laini mpaka inalala mkononi kama kitambaa. Ili kutengeneza mnyororo kama huo lazima kwanza uwe na waya, na waya unapatikana kwa kuvuta kipande cha chuma kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na baadaye akawa mkurugenzi wa makumbusho ya etnografia huko Stockholm, aliandika kitabu kinene juu ya Wakamba, kikatoka 1920, na kazi ya wahunzi ina nafasi yake humo. Ni ajabu kidogo kwamba ukitaka kusoma jinsi babu wa babu yako alivyoshika koleo lazima upitie Sweden. Lakini afadhali iko.

Waya pia ulikuwa biashara. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa inateremsha pembe za ndovu Mombasa, na jina kubwa la biashara hiyo ni Kivoi wa Kitui. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika kwake 1849, na ilikuwa akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo alipouona Mlima Kenya. Alirudi 1851, safari hiyo wakashambuliwa karibu na Tana, Kivoi akauawa, Krapf akaponea chupuchupu. Sasa fikiria misafara hiyo kama mtu wa chuma. Ndovu waliuawa kwa mishale, na kichwa cha mshale ni cha mhunzi. Wakati wa kurudi walibeba nguo, shanga na waya wa shaba, na huo waya mnene ulipofika nyumbani haukuvaliwa tu ulivyo. Mhunzi aliuvuta upya, akaufanya mwembamba, akausuka. Kwa hivyo miaka hamsini kabla ya reli tayari tulikuwa tunanunua malighafi kutoka nje na kuimalizia hapa. Leo serikali ina semina za hiyo kitu.

Halafu kuna hadithi ya boti, na hii niliipenda kwa sababu ya injini ya mjomba. Katika miaka ya 1890 kulikuwa na njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda Uganda iliyopitia Kibwezi, leo Makueni. Kibwezi yenyewe ilikuwa na misheni ya Waskoti tangu 1891, na mpango wake ulikuwa kufundisha watu kazi za mikono pamoja na dini. Malaria iliwamaliza, 1898 wakahamia Kikuyu. Kwenye njia hiyo ndipo zilipopita sehemu za meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon. Ilikuwa imeundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, na vipande vikawekwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kuelekea ziwa ambalo liko zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini. Ilikuja kuungwa na kushushwa majini Kisumu 1900. Unajua maana ya kubeba meli kwa kichwa kupitia nyika ya Ukambani? Ukipoteza kipande kimoja hakuna duka. Hakuna jamaa wa kaunta wa kukucheka. Lazima kitu hicho kitengenezwe upya na mtu aliye karibu, kwa alichonacho.

Reli ikafika. Kazi ilianza Mombasa 1896, ikavuka Tsavo 1898, ikapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, na 1899 ikafika pale panaitwa Nairobi. (Sultan Hamud, kwa wale mnaopitaga mkila mahindi bila kuuliza, ni jina la sultani wa Zanzibar wa wakati huo, Hamud bin Mohammed.) Wakati uleule Ukambani ilikuwa ndani ya njaa mbaya kuliko zote zinazokumbukwa, Yua ya Ngomanisye, ukame na ndui na tauni ya mifugo zikikutana mahali pamoja. Kwa hiyo picha ya darasani, treni inaingia na watu wanashangilia, weka kando. Treni iliingia katika nchi iliyokuwa inazika watu.

Na ndani ya miaka michache ikafanya kitu ambacho hakuna aliyekipanga: iliua tanuri. Siyo kwa sheria. Chuma cha kigeni kilijaa tu. Waya, mikanda ya mapipa, majembe, vipande vya reli, boliti. Wanandi walijulikana kwa kung'oa boliti za reli na nyaya za simu wakatengeneze silaha na mapambo. Waingereza waliita wizi, na mbele ya sheria yao ulikuwa wizi, lakini macho ya mhunzi yaliona madini yaliyokwisha kusafishwa yakiwa yamelazwa chini, kilomita kwa kilomita. Kwa nini uoshe mchanga wiki nzima na uchome miti yote, upate donge lenye matundu, wakati mkanda wa pipa ni chuma safi tayari?

Hapa ndipo natofautiana na watu wa "tulinyang'anywa teknolojia yetu". Nimeona hizo video, nyingine zina watazamaji kuliko zangu. Kweli kuna kitu kilipotea, na kikubwa: leo ukitafuta mtu Kitui au Makueni wa kukuwashia tanuri la mchanga mweusi akupe jembe, utazunguka sana. Lakini mhunzi aliyeacha mchanga akachukua mkanda wa pipa hakuwa mjinga wala mtumwa wa mzungu. Alihesabu. Alitupa nusu ya kazi iliyokuwa ngumu na ghali, akabaki na nusu aliyoijua zaidi, yaani moto, nyundo na kutengeneza. Na siri yenyewe ilikuwa imefungiwa. Kazi ya uhunzi ilirithiwa ndani ya familia, na katika jamii nyingi za sehemu hizi mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa, laana yake si ya kuchezea. Maarifa yanayokaa ndani ya nyumba chache yanakufa haraka zile nyumba zikipata njia rahisi. Huo ubaya haukuletwa na reli, tulikuwa nao.

Haya. Tulianza Kitui mjini kwa fundi wa kuchomelea, mwenye mageti na madirisha, na ilikuwa makosa yetu kama yake. Alijaribu kwa gesi. Chuma cha kawaida kikipata moto kinakuonya: kinakuwa chekundu, machungwa, manjano. Alminiamu haikuambii kitu. Inakaa na rangi yake ya fedha, huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na juu yake ina ngozi nyembamba ya oksidi ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Kwa hivyo ndani imeshakuwa uji na nje ngozi bado imesimama. Unangoja ianze kuiva, halafu ghafla inaanguka. Yetu ilianguka. Mahali palipokuwa na ufa sasa palikuwa na ufa na shimo.

Yeye mwenyewe ndiye alituelekeza: nendeni Makueni, barabara ya Mombasa, kwa wale wa malori. Gia za malori zimo ndani ya maboksi ya alminiamu, na yakipasuka Makindu mwenye lori hangoji spea itoke Ujerumani. Barabara ya Kitui kwenda Kibwezi kupitia Ikutha siku hizi ni lami, unaivuka Athi bila hata kuisalimia. Tukafika Makindu saa saba mchana na njaa, mjomba akasema twende kwa Kalasinga kwanza.

Kama hujawahi kula kwenye gurudwara ya Makindu, umekuwa ukipita barabara hiyo bure. Chapati, dengu, chai, unakaa chini, hakuna anayekuuliza dini wala pesa. Ilijengwa 1926 na Masingasinga wa reli, kwa sababu Makindu ilikuwa kituo cha kuhudumia injini za mvuke. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mkono: mafundi seremala, wahunzi, waashi. Nilikuwa nakula hiyo dengu nikifikiria kwamba hapa ndipo mahali pa kukutania. Wahunzi wa Punjab walikuja kukaa kilomita chache tu kutoka vijiji vya watu waliokuwa wanavuta waya kwa mkono. Msomi Kenneth King, aliyefuatilia mafundi wa Kenya tangu miaka ya sabini, alionyesha jinsi sehemu kubwa ya ujuzi wa jua kali ulivyopita kwenye gereji na karakana za Wahindi: kijana anaajiriwa kufagia na kushika tochi, anatazama, miaka kadhaa baadaye anafungua kwake chini ya mti. Wengine walipitia chuo cha ufundi cha Kabete kilichofunguliwa miaka ya 1920, na wengine, Wakamba wengi sana, walipitia jeshi la KAR, wakarudi kutoka vitani wakijua kuendesha lori na kulifungua.

Lakini jina la hao watu lilikuja kwa kuchelewa. 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ndiyo iliyoupa ulimwengu yale maneno "sekta isiyo rasmi". Serikali ilichukua miaka 20 zaidi mpaka ikatoa sera yake ya biashara ndogondogo na jua kali, 1992. Isiyo rasmi! Mimi hilo neno hunikwaza. Rasmi ni nani? Yule wa kaunta ana kadi ya kazi, risiti na kompyuta, na uwezo wake wote ulikuwa kuniambia hakuna.

Fundi wa Makindu ni mzee wa miaka sitini na kitu, mikono imechomeka mpaka haina vinyweleo. Alijifunza kwa mzee mwingine, na huyo alijifunza kwenye karakana ya Mhindi mjini Nairobi. Alichukua bano letu, akalinusa. Kweli, alilinusa.

"Nani alichoma hii?"

Tukanyamaza.

"Mzee, inaweza kushikana?" mjomba akauliza.

"Hii imekunywa mafuta na maji miaka mingi. Nikichomelea itatema, na ikishika itapasuka kando. Nitamwaga mpya."

Kumwaga, yaani kusubu. Ukitaka kusubu lazima uwe na kielelezo, kitu chenye umbo la unachotaka, ukibane ndani ya mchanga kiache alama. Akaunganisha vile vipande kwa gundi, akajaza lile shimo la aibu kwa nta, halafu akazungushia selotepu tabaka tatu. Nikamuuliza ya nini. Akaniangalia kama mtu aliyeacha chuo. Alminiamu ikipoa inasinyaa, zaidi kidogo ya asilimia moja, kwa hiyo ukimwaga kwenye umbo kamili utapata kitu kidogo. Mahali kisiki kilipokatia akaongeza unene kwa kipande cha mti alichokichonga mwenyewe na kisu, dakika tano, kimekaa kama kimezaliwa hapo. Chongeni twiga, si ndiyo?

Nilipofika nyumbani nikasoma juu ya Ole Evinrude, mwenye jina la injini. Alizaliwa Norway, akakulia Wisconsin, na kabla ya kuuza injini za boti 1909 kazi yake pale Milwaukee ilikuwa kuchonga vielelezo vya mbao vya kusubia vyuma. Watu hupenda kusimulia kwamba aliwaza injini siku alipopiga makasia kumletea mpenzi wake aiskrimu ikayeyuka njiani. Sawa, ni tamu. Lakini kilichofanya wazo likawa injini ni kwamba alijua kuchonga kitu kikubwa kidogo kuliko kinavyotakiwa.

Mchanga ulikuwa wa mtoni, uliochanganywa na udongo mfinyanzi na maji kidogo, ukishika mkononi unakaa kama sima. Sanduku mbili za mbao, ya juu na ya chini, unga wa jivu katikati zisishikane. Makaa kwenye pipa lililokatwa. Mivukuto imekufa, kuna kifeni cha umeme kilichofungwa kwa waya, lakini bomba linaloingiza hewa kwenye moto lilikuwa limefunikwa kwa udongo wa kuchoma ili lisiungue, na nikasimama nikiliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Malighafi ilikuwa pistoni za malori. Si kwa bahati: alminiamu ya pistoni ina silikoni nyingi, ikiyeyuka inakimbia kama maji na kujaza pembe zote. Akaondoa povu juu, akamwaga mara moja bila kusita. Moshi kidogo, harufu ya nywele, kimya.

Lilipotoka lilikuwa baya, niseme ukweli. Kijivu, uso wa mchanga, nene kama mguu wa ndovu pale alipoongeza. Na maswali yangu ya mwaka wa pili yote yalikuwa palepale. Pistoni inatengenezwa kuvumilia joto, lakini ni ngumu na haipindi, ikizidiwa inakatika. Hakuna aliyepima kama ndani kuna matundu. Cheti hakuna. Huyu mzee akifanya kazi hiyohiyo kwenye breki za matatu, mimi nitakuwa wa kwanza kushuka. Ndiyo maana naudhika watu wakisifia jua kali kama vile ni muziki. Fundi wa Makindu hahitaji kusifiwa, anahitaji mashine ya kupima na mtu wa kumfundisha ipi pistoni na ipi rimu, na yeye ni wa kwanza kusema hivyo, nilimuuliza.

Kipimo alichonacho ni hiki: alipasafisha kwa tupa, akatoboa matundu, akalifunga bano kwenye boriti ya kibanda, akaning'iniza mifuko miwili ya saruji, tukalala Makindu. Uzito huo ni kama mara mbili ya injini yenyewe, au zaidi. Asubuhi bado ilikuwa inaning'inia. Akaigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akagonga tena upande ule mnene.

"Mtafunga na kamba pia," akamwambia mjomba. "Kamba haina fundi."

Akataja bei, mjomba akashtuka kwa heshima, wakashuka kidogo, wakapeana mikono. Nikauliza kama tunaweza kurudi na vile vipande vya zamani, nilitaka kuvipiga picha kwa ajili ya hii makala. Lakini mzee alikuwa ameshavitoa selotepu na kuvitupa kwenye pipa, juu ya pistoni, vinangoja boksi la gia la lori lililokuwa limeegeshwa nje tangu usiku.